Kusoma ishara bila kuijua chaneli: utambuzi usio koherenti kwenye antena nyingi (uzi mrefu)

#1 Mtega_Mawimbi

Wakuu, habari zenu. Uzi huu nimeuahidi muda mrefu, leo nimekaa nao.

Naanza na nilichokiona kwa macho yangu. Tulikuwa tunapima kipokezi, na kitumaji kilikuwa kinarusha simboli (alama zinazobeba biti) za fezi nne, yaani pembe nne, kwa kasi ya laki moja kwa sekunde. Kila simboli ni mshale unaoelekea upande mmojawapo kati ya pande nne, kwa hiyo kwenye skrini tulitegemea vishada vinne vya nukta. Tukaona pete. Nukta zimejaa duara zima kama zimechorwa kwa bikari. Ishara ilikuwa na nguvu, kelele ilikuwa ndogo, na bado hakuna biti hata moja iliyosomeka. Sababu ni kwamba masafa ya kitumaji na ya kipokezi yalipishana kwa sehemu moja tu kati ya milioni. Kwenye 3.5 GHz hiyo ni hezi 3,500, na hezi 3,500 zinaizungusha fezi duara zima ndani ya muda usiofika milisekunde 0.3.

Nikabadilisha mstari mmoja wa programu. Badala ya kuusoma kila mshale peke yake, nikauzidisha na mshale uliotangulia, huo uliotangulia ukiwa umepinduliwa fezi (nyuzi 40 zinakuwa −40). Vishada vinne vikajitokeza palepale, vimeinama nyuzi kama 13 tu, kwa sababu huo ndio mzunguko unaotokea kati ya simboli moja na inayofuata. Sikuwa nimerekebisha masafa wala kukadiria chochote. Nililiacha tu swali lisilo na jibu (mshale huu unaelekea wapi?) nikauliza lenye jibu (umegeuka kiasi gani tangu ule wa kabla?).

Kwa wageni wa mada: kinachopokelewa kwa kawaida huandikwa y = hx + n. Hapo x ni simboli iliyotumwa, n ni kelele, na h ndiyo chaneli, yaani kiasi ambacho njia nzima imeikuza au kuififisha ishara na kuizungusha fezi yake. Kipokezi koherenti lazima kiijue h kwanza. Ili kiijue, kitumaji hurusha paileti, ambazo ni simboli zinazofahamika tayari na pande zote mbili. Kipokezi kisicho koherenti kinasoma x bila kuijua h.

Shida ya paileti ni kwamba h haikai. Chombo kikienda mita 30 kwa sekunde (km 108 kwa saa), kwenye 3.5 GHz mchepuko wa Doppler (masafa kusogea kwa sababu ya mwendo) unafika hezi 350, na chaneli inabaki ileile kwa muda wa milisekunde moja hivi. Panda hadi 28 GHz na muda huo unapungua mara nane. Halafu ukiwa na antena M za kutuma, unahitaji angalau nafasi M za paileti kila chaneli inapobadilika, kwa sababu kila antena ina njia yake ya kujulikana.

Hoja yangu ni hii, na nitaitetea hadi mwisho wa uzi: grafu nyingi za makosa tunazosoma zinampa mpokeaji koherenti chaneli bure, kisha zinasema yule asiyeijua amepoteza desibeli kadhaa (kipimo cha uwiano wa nguvu, desibeli 3 ni mara mbili). Chaneli si ya bure. Inalipiwa kwa muda na kwa nishati, na mlinganisho wa haki huanza baada ya kutoa gharama hiyo. Karibuni.

#2 mwanagenzi24

Shikamoo mkuu. Niko mwaka wa mwisho na nimepewa mradi wa mada hiihii, kwa hiyo uzi umenikuta na kiu.

Naomba kueleweshwa. Kama h inazungusha fezi kwa kiasi chochote kile, si ujumbe uliobebwa na fezi umeshaharibika? Halafu antena nyingi zinasaidiaje? Nikiwa na antena 100 za kupokea nina h 100 nisizozijua. Naona kama tatizo limekua mara mia badala ya kupungua.

#3 Mtega_Mawimbi

Marahaba kijana. Umegusa penyewe, tena wengi wanalibeba swali hilo miaka bila kuuliza.

Chukua antena mbili za kupokea. Chaneli ya kwanza inazungusha fezi nyuzi 40, ya pili nyuzi 250. Kitumaji kimerusha mshale wa nyuzi 0, kisha kikaugeuza hadi nyuzi 90. Ujumbe ni huo mgeuko wa 90.

Antena ya kwanza inaona 40, halafu 130. Ya pili inaona 250, halafu 340. Ukijumlisha mishale ya antena hizo mbili kama ilivyo, inakaribia kuuana, kwa sababu 40 na 250 zimepishana nyuzi 210, ni kama watu wawili wanaovutana kamba. Lakini hebu tazama mgeuko ndani ya kila antena: 130 toa 40 ni 90, na 340 toa 250 ni 90. Kila antena ina uongo wake kuhusu mwelekeo, ila zote zinasema kweli kuhusu mgeuko. Kwa hiyo unapiga hesabu ya mgeuko ndani ya kila antena kwanza, ndipo unajumlisha. Ishara inajipanga upande mmoja, kelele inatawanyika huku na huku. Antena 100 ni mashahidi 100 wa tukio moja, na huna haja ya kujua kila shahidi alisimama wapi.

Ndiyo maana h 100 usizozijua hazijawa tatizo mara mia. Hukuhitaji hata moja.

#4 Dada_Matriki

Mkuu kaeleza vizuri, naomba nionyeshe umbo lililojificha chini ya hesabu hiyo, maana mimi ndilo lililonifanya niipende mada.

Mwanagenzi, chukua antena moja ya kutuma na nafasi mbili za muda. Kamusi ya kitumaji ina maneno mawili tu: (1, 1) na (1, −1). Chaneli inalizidisha neno zima kwa h moja. Kinachofika ni (h, h) au (h, −h), na kelele juu yake. Ifanye h iwe kubwa, ndogo, izungushe utakavyo: (h, h) inateleza juu ya mstari wake tu. Haiwezi kurukia mstari wa (1, −1).

Tufanye kwa namba. Nachagua h = −0.3 + 0.8i (namba changamano, yaani mshale ulioandikwa kwa sehemu zake mbili) na simwambii mpokeaji. Natuma (1, −1). Kelele inaingia, mpokeaji anaona:

y1 = −0.2 + 0.9i
y2 = 0.4 − 0.7i

Akijumlisha anapata 0.2 + 0.2i, ambayo mraba wa ukubwa wake ni 0.08. Akitoa anapata −0.6 + 1.6i, mraba wake ni 2.92. Nishati karibu yote imelala kwenye mstari wa (1, −1), basi anachagua neno hilo, na amepatia. Hakuna mahali alipoihitaji h. Ukifungua mabano utakuta kwamba tofauti ya miraba hiyo miwili ni mara 4 ya sehemu halisi ya y2 ikizidishwa na y1 iliyopinduliwa fezi. Ni ule mstari mmoja wa programu wa Mtega_Mawimbi! Kumbe alikuwa anauliza nukta imelala kwenye mstari upi.

Sasa ongeza antena za kutuma ziwe M na nafasi za muda ambazo chaneli haibadiliki ziwe T. Neno linakuwa matriki yenye safu wima M, kila moja ikiwa na urefu T. Chaneli inazichanganya hizo safu wima zenyewe kwa zenyewe. Weka vijiti viwili juu ya meza: vizungushe, virefushe, vibadilishane nafasi. Maadamu havijalaliana kwenye mstari mmoja, meza vinayoionyesha ni ileile. Chaneli inaharibu vijiti, meza haiigusi. Kwa hiyo usiandike ujumbe kwenye vijiti, uandike kwenye meza: kila neno la kamusi liwe bapa lake, na mabapa yakae mbalimbali kadiri inavyowezekana.

Marzetta na Hochwald ndio waliolionyesha hili mwaka 1999 kwa chaneli ya Rayleigh (inayofifia kwa bahati nasibu, mawimbi yakifika kwa njia nyingi), kisha mwaka 2000 wakaja na usimbaji wa matriki za yunitari, ambazo safu wima zake zina urefu sawa na zimesimama wima kwa zenyewe (pembe ya nyuzi 90). Kwa kamusi ya namna hiyo mpokeaji bora kabisa anafanya jambo jepesi kulieleza: kwa kila bapa anapima ni nishati kiasi gani ya alichopokea imelala ndani yake, kwenye antena zote, na anachagua bapa lenye nishati nyingi zaidi. Kazi ngumu ni kutafuta mabapa yaliyokaa mbalimbali, na kamusi ikiwa kubwa kuyapima yote moja moja kunachosha hata kompyuta nzuri.

Karatasi ya 1999 ina tokeo jingine ambalo watu hulipita haraka: ukiwa na antena za kutuma zaidi ya T, zile za ziada haziongezi uwezo wa chaneli hata kidogo. Chaneli ikikaa kwa nafasi 4 tu, antena ya tano ni uzito wa kubeba.

#5 Jicho_Kali

Nimesoma kwa makini na nawaheshimu, ila naona mnampamba bibi harusi upande mmoja.

Kwanza, kwenye usimbaji wa mgeuko unailinganisha simboli yenye kelele na nyingine yenye kelele. Kelele mbili badala ya moja, hizo ni desibeli 3. Hughes, na Hochwald na Sweldens, walioupeleka utaratibu huu kwenye antena nyingi mwaka 2000, hawakuikwepa gharama hiyo. Tarokh na Jafarkhani, waliofanya hivyo mwaka huohuo kwa mpango wa Alamouti wa kutuma kwa antena mbili, nao waliilipa.

Pili, Zheng na Tse, 2002. Walipima uwezo wa chaneli isiyojulikana na upande wowote pale nguvu inapokuwa kubwa. Chukua namba ndogo kuliko zote kati ya antena za kutuma, antena za kupokea, na nusu ya T, iite K. Kila unapoongeza desibeli 3 unapata biti K(1 − K/T) zaidi kwa kila simboli. Tuweke namba: antena 4 kwa 4, T ikiwa 10. K ni 4, na jibu ni 4 × 0.6 = 2.4.

Sasa fanya kwa paileti. Nafasi 4 kati ya 10 zinakwenda kwa paileti, 6 zinabeba data, kila moja mikondo 4. Hiyo ni 24 kwa nafasi 10, yaani 2.4. Ileile! Paileti, ambazo uzi huu unazituhumu, zinaufikia mwinuko uleule (biti zinazoongezeka kwa kila desibeli 3) wa bapa zenu zote. Sasa faida iko wapi, wakuu?

#6 Mtega_Mawimbi

Jicho_Kali, karibu sana, nilikuwa nakusubiri.

Nakubali hesabu yako yote. Kwenye nguvu kubwa, paileti zinaufikia mwinuko bora, na anayesema vinginevyo hajaisoma karatasi hiyo. Tena T ikiwa 100, antena nne zinapoteza nafasi 4 tu kwa mia, mwinuko unakuwa 3.84, na hapo mimi mwenyewe ningetumia paileti bila kufikiri mara mbili.

Lakini angalia hiyo 2.4 imetoka wapi. Mwenye chaneli ya bure angepata 4. Nafasi 4 kati ya 10 zimekwenda kabla ya biti ya kwanza ya ujumbe. Grafu inayompa mpokeaji chaneli bure inaonyesha 4, na mwanafunzi anaondoka akiamini asiyeijua chaneli ndiye aliyeshindwa. Hapo ndipo malalamiko yangu yalipo. Na mwinuko haukuambii mstari wenyewe umeanzia juu au chini. Paileti zikiwa chache na dhaifu, unajenga nyumba nzima juu ya makadirio mabovu ya h.

Kuhusu desibeli 3: ni kweli kwa chaneli inayofifia. Lakini jiulize mpokeaji koherenti mwenye paileti moja tu, yenye nguvu sawa na simboli ya data, anafanya nini. Anakadiria h kwa kelele moja, kisha anasoma data yenye kelele ya pili. Ni kelele mbilimbili, sawasawa na sisi. Desibeli 3 si adhabu ya kutokuijua chaneli peke yake, ni bei ya kuwa na kumbukumbu ya simboli moja. Na kwenye chaneli isiyofifia, kwa simboli za fezi mbili, pengo kwenye kosa moja kati ya 100,000 halifiki hata desibeli 1.

Ukitaka kuirudisha sehemu ya hasara, usitazame jozi. Divsalar na Simon mwaka 1990 walionyesha kwamba ukizipima simboli kadhaa kwa pamoja unamsogelea mpokeaji koherenti hatua kwa hatua kadiri dirisha linavyopanuka. Gharama ni hesabu: dirisha la simboli 10 zenye fezi nne lina michanganyiko 262,144 ukiipitia yote. Baadaye ukaja utafutaji wa ndani ya tufe, unaotupa mapema michanganyiko isiyo na matumaini, na mzigo ukawa wa kubebeka.

#7 Mnara_Mkuu

Natokea upande wa vituo vya mtandao. Nadharia nawaachia ninyi, mimi nilete ya kazini.

Watu wanaongea kana kwamba utambuzi wa aina hii ni wa maabara. Simu yako inautegemea kabla hata haijaungana na mtandao. Simu inapogonga hodi kwenye mnara wa LTE (4G), inarusha mfuatano mmoja kati ya 64 ambao seli inaujua, mfuatano wa Zadoff-Chu wenye urefu wa 839. Wakati huo mnara haujui simu iko umbali gani, haujui hata kama ipo. Chaneli ungeijulia wapi? Kwa hiyo kipokezi kinalinganisha kilichopokelewa na mifuatano inayowezekana, kinachukua mraba wa ukubwa ili fezi ifutike, kinajumlisha kwenye antena zote, na kutazama kama kilele kimevuka kizingiti. Imekwisha. Ni kila simu, kila siku.

Kwenye 5G kuna mfano safi zaidi. Simu ikitaka tu kusema "nimepokea" au "sijapokea", kuna muundo wa ujumbe mfupi wa udhibiti uitwao PUCCH namba 0. Hauna paileti hata moja. Simu inachagua mzunguko mmojawapo wa mfuatano wenye urefu wa 12 (mfuatano uleule ukianzia mahali tofauti) na kuurusha. Mzunguko uliochaguliwa ndio ujumbe wenyewe. Dada_Matriki angesema kila mzunguko ni mstari wake. Kwa biti 1 au 2, kuweka paileti kungekuwa sawa na kujenga daraja ili uvushe barua moja.

#8 Dada_Matriki

Mnara_Mkuu, asante sana kwa mfano huo wa namba 0. Na ndiyo, ni mistari inayosimama wima kwa yenyewe, hakuna iliyo karibu na nyingine. Nitautumia darasani.

#9 mwanagenzi24

Sasa nimejipa moyo nilete aibu yangu, maana nimekwama wiki mbili.

Mradi wangu ni aina nyepesi kuliko zote: antena 64 za kupokea, kitumaji kinawasha au kuzima. Kipokezi hakiangalii fezi kabisa. Kinapima nishati kwenye kila antena na kuchukua wastani wa zote 64. Kelele nimeiweka nguvu 1. Kitumaji kikiwaka, ishara inafika na nguvu ya wastani 2 kwa kila antena, chaneli ya Rayleigh, kila antena peke yake. Kwa hiyo kikizimwa wastani unakuwa karibu na 1, kikiwaka unakuwa karibu na 3. Kizingiti nimeweka 2, katikati kabisa.

Napata makosa karibu 700 kwenye biti milioni 1. Hesabu ya karatasi inasema natakiwa kupata machache zaidi kwa mbali sana. Nimeikagua programu mstari kwa mstari na sioni kosa. Nisaidieni.

#10 Mtega_Mawimbi

Programu yako ni nzima. Tatizo ni hiyo namba 2.

Umeweka kizingiti katikati kana kwamba mawingu mawili ya nukta yana upana mmoja. Hayana. Ukichukua wastani wa nishati za antena N zisizotegemeana, kwa chaneli na kelele za namna yako, mkengeuko sanifu (kipimo cha upana wa wingu) unakuwa wastani wenyewe gawanya kwa kipeuo cha N. Kipeuo cha 64 ni 8. Kwa hiyo wingu la kuzimwa limekaa kwenye 1 na mkengeuko wa 0.125. Wingu la kuwashwa limekaa kwenye 3 na mkengeuko wa 0.375. La juu ni pana mara tatu! Ukiweka ukuta kwenye 2, wa chini wana uwanja wa mikengeuko minane na hawautumii, wa juu wamebanwa kwenye miwili na ushei na wanamwagikia upande usio wao. Nina hakika ukizichambua hizo 700 utakuta karibu zote ni biti zilizowashwa zikasomwa kuwa zimezimwa.

Kizingiti sahihi ni pale uwezekano wa mawingu mawili unapolingana. Zidisha wastani mbili, gawanya kwa tofauti yao, kisha zidisha na logi asilia ya uwiano wao: (1 × 3 / 2) × ln 3, ambayo ni 1.65. Badilisha hiyo namba moja tu, usiguse kitu kingine.

Na ukija kuongeza viwango, usivipange 0, 1, 2, 3 kwa hatua sawa. Kwa kuwa upana wa wingu unakua pamoja na wastani wake, wastani za unachopokea zipande kwa kuzidisha: kila kimoja kiwe mara fulani ya cha chini yake. Ukikosea hapa utawapa viwango vya chini nafasi wasiyoihitaji na kuvinyima vya juu.

#11 mwanagenzi24

Mkuu! Nimeweka 1.65. Kwenye biti milioni 1 makosa yakawa machache mno kuhesabika kwa uhakika, ikabidi niendeshe milioni 10. Nimepata makosa karibu 70. Kutoka 700 kwa milioni hadi 7 kwa milioni, kwa namba moja. Na ni kweli, zile za mwanzo karibu zote zilikuwa biti zilizowashwa. Sina la kusema, Mungu akubariki.

#12 Jicho_Kali

Hongera kijana, umefanya kazi nzuri. Sasa kabla hujaandika ripoti, nikuonyeshe shimo liko wapi ili usitumbukie mbele ya wasimamizi.

Hiyo 1.65 umeipata kwa sababu unajua kelele ni 1 kamili. Kwenye kipokezi cha kweli, joto linabadilika, kikuza-ishara kinabadilika. Kelele ikipanda desibeli 1 tu, inakuwa 1.26, na kizingiti chako kimebaki palepale. Wingu la kuzimwa limesogea hadi 1.26 na kupanuka. Nimelipigia hesabu: takriban biti 1 kati ya 100 za kuzimwa itasomwa kuwa imewashwa. Kutoka makosa sita hivi kwa milioni upande huo, hadi elfu kumi. Desibeli moja!

Kwa hiyo tusiseme kipokezi hiki "hakijui kitu". Hakiijui h, ila kinatakiwa kujua nguvu ya wastani ya chaneli na ya kelele, tena kwa usahihi. Linganisha na ule mpango wa mistari wa Dada_Matriki: pale unalinganisha nishati ya mstari huu na ya mstari ule, kelele ikipanda inapanda kote, na hakuna kizingiti cha kuharibika. Nakiri hapo Mtega_Mawimbi ana haki, kuna aina za kutokujua zilizo salama kuliko nyingine.

Jambo la pili ni neno lako "kila antena peke yake". Antena 64 zikibanwa kwenye bamba dogo, za jirani zinaonja mawimbi yaleyale. Jaribu uone.

#13 Mnara_Mkuu

Nakazia la kelele. Ndiyo maana vipokezi vya mlangoni, wale wa mifuatano 64, havina kizingiti cha kudumu. Kelele inakadiriwa upya kutoka sehemu zisizo na kilele, na kizingiti kinapanda na kushuka nayo. Ni kazi ya mistari michache, usiiache.

#14 mwanagenzi24

Kizingiti kinachofuata kelele nimeshakiweka, asanteni nyote wawili.

Nimejaribu pia la antena kufanana. Nilizichukua mbilimbili, kila jozi ikapewa h moja, kelele zikabaki tofauti. Antena ni 64 zilezile, nguvu zilezile, kizingiti 1.65. Makosa yamepanda mara kumi, karibu 70 kwa milioni. Niliogopa zaidi, nilidhani 64 zitageuka 32. Je, ripoti iseme kwamba antena zilizokaribiana ni hasara, basi?

#15 Dada_Matriki

Usiandike hivyo bado, mdogo wangu. Makosa yameongezeka kwa sababu jozi zinafanana na kipokezi chako hakijaambiwa. Kinazichukua kama wageni wasiojuana.

Fikiri. Huijui h ya jozi, lakini unajua ni moja kwa antena zote mbili. Basi usizipige mraba kila moja peke yake. Zijumlishe kwanza, zikiwa bado na fezi zake, gawanya kwa kipeuo cha 2, ndipo upige mraba. Fezi ni moja kwa zote mbili, kwa hiyo ishara zinaungana bila kuuana. Kelele inabaki 1, nguvu ya ishara inatoka 2 hadi 4. Sasa una matawi 32, kila moja likiwa na wastani wa 1 au 5. Kizingiti kwa kanuni ileile ni (1 × 5 / 4) × ln 5, yaani 2.01. Endesha tena, kisha utuambie.

#16 mwanagenzi24

Nimeendesha biti milioni 10, nikarudia mara mbili kwa sababu sikuamini.

Makosa 4 kwa milioni, au zaidi kidogo. Ni machache kuliko yale 7 ya antena 64 zisizotegemeana.

#17 Mtega_Mawimbi

Ni sahihi, na usiibadilishe programu. Nguvu ya ishara kwa kila antena ilikuwa ndogo, na kwenye nguvu ndogo, kuikusanya nishati kabla ya mraba kunalipa kuliko kuwa na matawi mengi. Unganisha jozi ziwe makundi ya nne, kisha ya nane, kila mara ukipiga hesabu ya kizingiti upya. Utafika mahali makosa yanaanza kupanda tena, kwa sababu matawi yatakuwa machache mno kuhimili kufifia. Mahali hapo panapogeukia ndipo penye sura ya nne ya mradi wako.